Kitu Kimoja Kabatini Hakikuwa Changu

Tabora,
Jumapili, 19 Septemba 1993

Mwanangu Salima,

Mwezi huu natimiza miaka ishirini na saba tangu niteremke Uluguru, na kesho jioni wewe unapanda treni kwenda kule kule nilikotoka. Sikupanga iwe hivyo. Barua ya chuo cha Morogoro ilipofika, mama yako ndiye aliyeifungua kwanza, akaja nayo barazani. "Mwalimu," akasema, "mtoto wako anafika kwenu kabla yako." Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Mambo ya kila siku nayaruka. Mama yako amekwisha kukuambia habari za chandarua, maji ya kuchemsha na wanaume wenye pikipiki, na najua mama zako wadogo wanakuambia yale yale sasa hivi, huko ulikokwenda kuwaaga. Mimi nimebaki na nyumba tupu na kabati la vioo mbele yangu. Nataka kukuandikia juu ya kabati.

Unalijua kuliko mtu yeyote. Jirani yetu hajawahi kukubali kukaa kwenye kiti kinacholitazama. Mama yako analiita kaburi la vioo, na siku moja alimwambia mgeni mbele yangu, "Huyu ana wake wawili, mimi na lile kabati. Zamu ya kabati ndiyo ndefu." Wewe peke yako ndiye uliyekuwa ukiniomba nilifungue. Jicho la kioo la buluu, lililokuja na sanduku la fundi saa aliyefunga duka akahamia Kanada, ulikuwa ukiliweka juu ya daftari lako la hesabu ili likutazamie makosa. Kifaranga mwenye vichwa viwili ulimpa majina mawili. Wanafunzi wangu ndio walioniletea, ndani ya kofia, wakasema, "Mwalimu, huyu amekufa kwa kubishana mwenyewe." Saa ya Kijerumani, yenye ndege wa mti asiye na kichwa, ulizoea kuisalimia shikamoo kila ndege alipotoka, kwa kuwa hatoki kwa saa bali kwa matakwa yake.

Na ile picha ya mtoto wa Kigiriki aliyeketishwa kitini, amevaa nguo nzuri. Nilikaa nayo miaka sita. Wewe ulikuwa na miaka tisa ulipoileta mezani, ukasema, "Baba, huyu amefungwa utepe asianguke. Amekufa huyu." Nikaitazama, na utepe nikauona. Siku ile nilijua kwamba utakachokwenda kusomea, kiwe udaktari huu wa mifugo au kingine, kitahusu kutazama kwa makini vitu ambavyo wenzako wanavipa kisogo. Tabia hiyo umeitoa kwangu. Siombi radhi kwa hilo, wala sikuombi uiache.

Tangu mambo yawe ruksa na marobota ya mitumba yaanze kushushwa stesheni, kabati limenenepa. Watu waliziita nguo zile kafa Ulaya, wakisadiki kwamba wenyewe wamekufa huko, na wengine walizifua mara saba kabla ya kuzivaa. Mimi nilikwenda kupekua mifuko. Seif, muuza mitumba, akaanza kuniwekea. "Shikamoo Mwalimu," angeniita kutoka mbali. "Marehemu wa leo ameacha meno. Utayachukua, au nimpelekee mwenyewe?" Ndiyo yale meno ya bandia yaliyo rafu ya pili. Kuna pia nywele za kimanjano zilizofungwa kwenye karatasi, na ile kadi ya rambirambi yenye ukingo mweusi, iliyoandikwa Kijerumani. Padre mmoja alinisomea kadi ile. Mwandishi alikuwa anaomba radhi kwa kuwa hakufika mazishini. Sikumwambia padre kwa nini nilimwomba anisomee mara mbili.

Sasa tazama rafu ya juu, upande wa kulia, ukirudi. Utakuta lebo bila kitu. Ile bangili ya shaba, ambayo katika kabati zima ndiyo pekee niliyokukataza kuigusa, nimeitoa.

Nilizaliwa juu ya Matombo, mahali ambapo ukungu huingia ndani bila hodi. Nikiwa mdogo nilikuwa na kopo la vitu vyangu: gamba la nyoka, mdomo wa hondohondo, kifungo cha koti la askari wa Mjerumani. Mama yangu alilitupa kopo lile bondeni. Mjomba wangu, kaka yake mkubwa, akaniletea kopo jingine, na ndani yake ameweka fuvu la popo. Alikuwa mtu mrefu mwenye kikohozi. Alikohoa mara tatu kabla ya kusema neno lolote la maana, kama mtu anayebisha hodi.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Lukolo, yaani ukoo, unafuata tumbo la mama, na mwanamume harithiwi na mtoto aliyemzaa, anarithiwa na mtoto wa dada yake. Kinachorithiwa si shamba peke yake. Ni jina. Mkubwa wa ukoo akifa, mpwa wake huvishwa jina lake, na tangu siku hiyo watu humwita hivyo, humsalimia hivyo, na humpelekea ugomvi wa mipaka ya mashamba kana kwamba yule wa kwanza hakufa. Jina lenyewe sitaliandika hapa. Utaelewa kwa nini si langu kulitaja.

Jina lile linakwenda na bangili. Mwenye jina akivishwa, haivui tena mpaka kifo. Mjomba alinionyesha nikiwa na miaka minane, tumeketi uani anamenya ndizi. "Hii imevuliwa mikononi mwa maiti tu," akasema. "Mkono wangu nao, zamu yake itafika." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Mimi sikuogopa hata kidogo. Niliitaka. Mtoto mwingine angetaka baiskeli, mimi nilitaka bangili iliyovuliwa maiti, na sikujua bado kwamba kukitaka kitu na kustahili kukivaa ni mambo mawili.

Mjomba alifariki nikiwa na miaka thelathini, nafundisha shule moja karibu na Ngerengere. Habari ilinifikia wamekwisha kumzika. Nilipanda mlima siku ya kuanua matanga, nimevaa shati jeupe na tai. Tai, Salima, kwenye mteremko ule, na matope yale.

Habari za watani unazijua kwa upande wa mama yako, kwa hiyo sitaeleza sana. Kwetu ni watu wa ukoo jirani, na wao ndio wenye msiba. Wafiwa hulia, watani huchimba kaburi, hupika, hutukana, na hucheka mpaka mfiwa naye acheke. Siku ile mtani mkuu alikuwa Bibi Mwamvita, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Nilimkuta amevaa koti la mjomba, limefika magotini, na kofia yake, na fimbo yake mkononi. Akakohoa mara tatu. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mjane, aliyekuwa amejiinamia pembeni, mabega yakamtikisika.

"Nani amekula ndizi zangu?" Bibi Mwamvita akauliza kwa sauti ya mjomba. "Nimelala siku chache tu, mkungu umekwisha!"

Halafu akaniona.

"Ah! Mpwa wangu mwalimu. Umekuja kunizika au kunisahihisha?"

Watu wakacheka.

"Mbona hulii? Machozi umeyaacha shuleni? Na hicho kitambaa shingoni, umefungwa wewe mbuzi? Nani anakuchinja?"

Bangili ilikuwa juu ya ungo wenye unga, mbele ya wazee. Akaichukua, akaitia mkononi mwake, akaanza kucheza nayo, akizunguka uwanja. "Hii sasa yangu! Mwenye jina amekufa, mrithi amevaa kamba. Nani ananikomboa?"

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa chepesi, na nilikijua, kwa kuwa nilikwisha kukiona kwenye misiba mingine. Ningepiga magoti. Ningepakwa majivu usoni, tai na yote. Ningeomba, angekataa, ningeomba tena huku watu wananicheka, mwisho ningempa jogoo, naye angeivua bangili na kunivisha kwa mkono wake. Bangili ile haitoki kwa maiti kwenda kwa mrithi. Inatoka kwa maiti, inapita kwa mtani, ndipo inakwenda kwa mrithi. Anayeivaa ni lazima kwanza achekwe. Labda ndivyo wazee walivyohakikisha kwamba mtu mwenye makuu hapati jina.

Nilikuwa nimesoma vitabu vingi. Niliona bangili ninayoitaka tangu utoto inarushwarushwa na mwanamke aliyevaa koti la marehemu, na wenzangu wawili wa shuleni, niliopanda nao, wanatazama. Nilimshika mkono. Nikasema, "Toa." Akadhani natania, akazidi kucheka, akasema, "Omba, mbuzi!" Nikaukunja ule mkono. Akaanguka, kiwiko kikapiga jiwe la mlangoni, bangili ikachomoka nikabaki nayo.

Aliinuka mwenyewe. Akavua kofia, akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka chini mbele ya mjane. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, si ya mjomba, "Haya. Matanga yenu. Yaanueni wenyewe." Watani wote wakaondoka. Waliokuwa na sufuria jikoni waliziacha.

Ukimkasirikia mtani, hujamkosea yeye peke yake. Umemwacha maiti njiani. Hilo nalo nililijua.

Niliteremka asubuhi yake bila kuaga, bangili imo mfukoni. Nilipofika mjini Morogoro nikaomba uhamisho, mahali popote, mbali. Umenisikia mara nyingi nikisema kwamba serikali ilinihamishia Tabora. Serikali ilisaini tu. Shangazi yako Mwanahawa, dada yangu, ndiye aliyekwenda kwa watani na jogoo wawili kuniombea radhi. Walirudi kwa kumwonea huruma mjane, wakaanua matanga, naye akavua kaniki yake ya msiba. Lakini jina lilibaki bila mtu, na bangili ikakaa Tabora. Nililipa fundi seremala akanitengenezea kabati la vioo, na kitu cha kwanza kuingia ndani kilikuwa hicho. Nikapiga lebo kwa taipureta: Bangili ya shaba. Uluguru. Ya kale.

Ya kale. Niliandika hivyo nami nikijua kwamba kuna watu wanaiulizia kila msimu wa mavuno. Meno ya mle kabatini, mwenyewe hayahitaji tena. Mtoto wa Kigiriki hana anayemtafuta. Nimeviokota vitu ambavyo wenyewe wamemaliza navyo, na napenda kuamini kwamba nimevitunza vizuri. Hiki kimoja nilikifanya maiti mimi mwenyewe kwa kukiandikia lebo.

Ungeniuliza ni lini nililielewa hilo, ningependa kujibu kwamba nililielewa mapema. Hapana. Ni mwaka jana. Unamkumbuka yule bwana wa Dar aliyekuja na pikapu, anayenunua vitu vya zamani vya kupamba mahoteli? Wewe ulikuwa umekwenda kwa bibi yako. Alilizunguka kabati kama mtu anayenunua ng'ombe. "Mzee," akasema, "hazina yote hii inafanya nini Tabora? Siku hizi biashara huria." Akaionyesha bangili kwa kidole. "Hii ya kabila gani? Ilitoka kaburini? Ikiwa na stori ya kaburi, wazungu wanaigombania."

Na mimi, mwanangu, nikaanza kumsimulia. Nilisimulia vizuri. Niliweka mahali pa kunyamaza, niliweka kikohozi cha mjomba, niliacha tu sehemu ya kuukunja mkono. Nikamwona anapendezwa, nami nikafurahi. Nilipomaliza akauliza swali la kawaida tu, huku anatoa kalamu:

"Na siku hizi mwenye jina ni nani?"

Nilimwambia haiuzwi. Akadhani napandisha bei, akarudi mara mbili.

Jioni ile nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya miaka yote. Niliifungua rafu ya juu nikaivaa. Inanienea. Mama yako akaingia na chai akanikuta nimenyoosha mkono dirishani kwenye mwanga. Hadithi yote anaijua. Nilimweleza kabla ya kumwoa, kwa kuwa ni Mnyamwezi, nikaona heri nitukanwe mapema. Aliweka chai mezani.

"Vua, Mwalimu," akasema. "Hiyo haivaliwi na mtu asiyetaka kuchekwa."

Nikavua. Kesho yake nikamwandikia shangazi yako, na kwa mara ya kwanza niliitaja bangili waziwazi. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa mwanawe, Ramadhani. Nakunakilia maneno ya shangazi yako, ili usidhani ninayapamba:

"Kaka, bangili ikija pamoja nawe, jina ni lako kwanza, maana wewe ndiwe uliyetajwa. Ikija bila wewe, na ukaandika kwa mkono wako kwamba umejitoa, atavishwa huyu anayeniandikia. Ana miaka arobaini, na watani wamempa jina la Ngoja. Watu wa mjini wanapanda kila wiki kununua mashamba, na hakuna mwenye jina wa kuwaambia ndiyo wala hapana. Ndugu zetu wameuza mpaka kwenye makaburi ya kina bibi. Bibi Mwamvita yu hai, haoni vizuri. Anasema mkono wake unauma siku za mvua, na wewe unajua kwetu mvua hainyeshi, inakaa."

Nimekaa na barua hiyo mwaka mzima. Nisikufiche: nilitaka kwenda. Si kwa ajili ya mashamba. Nilitaka kuivaa mbele ya watu. Nilijiambia kwamba nitapiga magoti safari hii, nitapakwa majivu, na haki itakuwa imetendeka. Huenda. Lakini nikivishwa, haitoki mpaka nife, na Ramadhani ataendelea kuitwa Ngoja, akitazama mkono wa mzee mgeni asiyejua tena hata mipaka ya mashamba yenyewe. Ningekuwa nimekichukua kitu kile kile mara ya pili, kwa adabu zaidi.

Ndiyo sababu nakupa wewe. Ndani ya begi lako, katikati ya ile sweta ya kijani, kuna kitambaa kilichofungwa, na bangili imo. Usiivae, hata kujaribu. Karatasi niliyoizungushia ni ya kujitoa kwangu, nimeiandika kwa mkono, si kwa taipureta. Ukishatulia chuoni, chagua Jumamosi, uende Matombo. Shangazi yako atakuwa anakungoja. Lakini usimkabidhi yeye bangili, wala Ramadhani. Wewe si wa ukoo wangu. Ni wa ukoo wa mama yako, na Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu siku za misafara. Nilichomnyang'anya mtani, kirudishwe na mtani. Mpe Bibi Mwamvita mkononi, yeye ndiye atakayejua la kufanya.

Atakutukana. Atakuuliza kama baba yako bado amefungwa kamba shingoni. Usimwombe radhi kwa niaba yangu, hilo nimeliandika kwenye karatasi. Wewe mjibu. Mwambie ninyi Wanyamwezi mlikuwa mnawabeba Waluguru migongoni kama mizigo, au lolote lile mama yako alilokufundisha. Akicheka, shika mkono wake wa kulia ukitazame vizuri kiwiko kile, kwa lile jicho lako lililouona utepe. Kisha uniandikie kilivyo. Nataka kujua.

Siku ya kumvisha Ramadhani, ukialikwa, baki mpaka mwisho. Utaona mambo ambayo hakuna kabati litakaloweza kuyahifadhi, na ukitaka kucheka, cheka. Usitoe daftari.

Jicho la buluu nimelitia kwenye soksi yako, pembeni. Hilo ni langu, na sasa ni lako. Lebo ya rafu ya juu sitaichana. Nitaiacha pale na nafasi yake tupu, ili mgeni akiuliza, nimweleze yote, na sehemu ya kuukunja mkono nisiiruke tena.

Watakuuliza kule ninakuja lini. Usiwaambie kwamba naumwa, au kwamba nauli ni tatizo, au kwamba najiandaa. Nimewaambia hayo miaka ishirini na saba. Waambie nimeleta bangili, na kwamba mimi sitarudi.

Baba yako